Sitara ya Nyumba na Haki ya Mzazi

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (S.A.W.), twapenda kuweka mbele ya wasomaji wetu suala moja ambalo husemwa kwa kunong'ona ndani ya majumba yetu. Nalo ni hili: mwanamke akizaa, kisha akapatwa na huzuni isiyokwisha au akaharibikiwa na akili, na watu wake wakalifunika jambo hilo kwa kuchelea aibu, mpaka akadhurika mwenyewe, au akamdhuru mtoto, au akawa ni mtu wa kupigwa na wale waliowajibikiwa kumlinda, je, watu hawa wamefanya ile sitara iliyosifiwa na dini, au wamefanya dhulma wakaipa jina la sitara?

Hatuulizi kwa kupenda kufichua nyumba za watu. Twauliza kwa kuwa ni wachache katika sisi, Mombasa na Malindi na Lamu na vijiji vilivyo baina yao, wasiopata kusikia khabari ya mzazi aliyekuwa akilia usiku na mchana, ikasemwa ana pepo. Au aliyekataa kumshika mwanawe, ikasemwa ana kiburi. Au aliyesikika akipiga kelele ndani, na majirani wakaongeza sauti ya redio. Jambo lililosikiwa na mtaa mzima si siri tena. Lililobaki hapo ni kunyamaza, na kunyamaza nako kuna hisabu yake.

Kwanza yatupasa tujue twasema juu ya nini. Madaktari wameyagawa maradhi haya mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vilio na wepesi wa kukasirika vya siku za mwanzo, ambavyo huwapata wanawake wengi, na huondoka vyenyewe katika muda wa kama wiki mbili. Fungu la pili ni huzuni ya uzazi. Hapa mwanamke haoni ladha ya kitu, chakula hakimpiti, usingizi haumjii hata mtoto anapolala, na hujihukumu kuwa ni mama mbaya asiyefaa kitu. Huzuni hii yaweza kuanza wakati wa mimba, au kuja miezi kadhaa baada ya kuzaa, na isipotibiwa yaweza kukaa mwaka na zaidi. Shirika la Afya Duniani limesema kuwa katika nchi zisizo tajiri, katika kila wanawake 100 wenye mimba wapatao 16 huwa na maradhi ya akili, na kubwa yake ni huzuni. Na baada ya kuzaa hufika kama 20. Fungu la tatu ni wazimu wa uzazi, ambao huwapata mmoja au wawili katika kila wazazi 1,000. Huu huja kwa ghafula, mara nyingi katika wiki mbili za mwanzo: mzazi hakosi la kusema na hapati usingizi, husikia sauti zisizosikiwa na wengine, huwatuhumu jamaa zake, na pengine huamini kuwa mtoto si wake, au kwamba ameamrishwa kumfanyia jambo. Si ugonjwa mpya, wala haukuletwa na maisha ya kisasa. Tabibu Mfaransa Louis-Victor Marcé aliutungia kitabu kizima mjini Paris mwaka 1858.

Ama sababu zake ni nyingi, na hukutana. Kuna mageuko ya mwili baada ya kuzaa, kuna kukesha, kuna damu iliyopungua, na kuna urithi wa ukoo. Kisha kuna dhiki, upweke, ugomvi wa nyumba na kipigo. Mwanamke anayepigwa wakati wa mimba yu karibu zaidi na huzuni hii kuliko mwenziwe. Na aliyekwisha kushikwa na huzuni hawezi kujitetea wala kukimbia. Hivyo kipigo huleta ugonjwa, na ugonjwa nao hugeuzwa kuwa udhuru wa kipigo.

Sasa twaingia katika ada za watu. Sisi hatusemi kuwa ada ndiyo inayozaa ugonjwa huu, kwani umo katika kila taifa. Lakini ada ndiyo inayoupa jina. Na ukishapewa jina, papo hapo hujulikana nani atalaumiwa na mgonjwa atapelekwa wapi.

Tazameni jirani zetu wa Uganda. Katika miaka ya 1970 daktari Mwingereza, John Cox, alifanya kazi huko, akakuta Waganda wana jina lao la ugonjwa wa akili wa mzazi: Amakiro. Wengi waliamini kuwa huletwa na uzinifu wa mume au mke wakati wa mimba. Basi mwanamke mgonjwa alikuwa na maradhi yake, na juu yake akabeba tuhuma. Cox huyo aliporudi kwao, yeye na wenziwe walitunga mwaka 1987 karatasi ya maswali 10 mepesi, iitwayo kwa jina la mji wa Edinburgh, ya kumwuliza mzazi hali ya moyo wake. Na mpaka leo hutumiwa na wauguzi wa nchi nyingi. Sisi twaona funzo katika jambo hili: dawa ya tuhuma ilikuwa ni kumwuliza mwanamke mwenyewe.

Na sisi watu wa pwani tusicheke, kwani tuna neno letu. Mtoto mchanga akikonda, husemwa amebemendwa. Yaani wazazi wake wamekutana kabla ya wakati, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa. Na vidole huelekezwa kwa mama kabla ya baba. Pengine yule mama huzuni imemwondolea hamu ya chakula na nguvu ya kumshughulikia mwanawe, na mtoto amekonda kwa hayo. Badala ya kupewa supu na usingizi, hupewa kesi. Na asipotuhumiwa uzinifu, hutajwa pepo, au rohani, au jicho la jirani, na mlolongo wa waganga ukaanza, kila mmoja na bei yake.

Wala asidhani msomaji kuwa haya ni ya Afrika peke yake. Tarehe 20 Juni 2001, katika mji wa Houston, Marekani, mwanamke aitwaye Andrea Yates aliwazamisha watoto wake 5 katika maji ya bafu, na mdogo wao alikuwa na miezi 6. Mwaka 1999, baada ya kuzaa mtoto wa nne, alikuwa amejaribu kujiua mara mbili, akalazwa hospitali, na madaktari wakaonya kuwa mimba nyengine yaweza kuurudisha ugonjwa. Wazimu wake ulivaa nguo za mahubiri aliyoyazoea: aliamini kuwa Shetani yumo ndani yake, na kwamba watoto wake wataangamia akhera wasipokufa wangali wadogo. Asubuhi ile aliachwa peke yake nao kwa kama saa moja tu, baina ya mume kwenda kazini na mama mkwe kufika. Mwaka 2002 alihukumiwa kuwa ni muuaji, hukumu ikavunjwa mwaka 2005, na mwaka 2006 ikaamuliwa kuwa hakuwa na hatia kwa sababu ya wazimu.

Huko hapakukosekana hospitali wala dawa wala elimu. Kilichokosekana ni watu kuamini kuwa khatari ni ya kweli. Basi tusijidanganye kwamba ni ujinga wa mashamba. Kila kaumu ina kitambaa chake cha kufunikia jambo hili, na chetu sisi kimefumwa kwa nyuzi tatu: pepo, uchache wa imani, na sitara. Twende nazo moja moja.

Ama pepo, sisi hatukanushi kuwapo kwa majini, kwani Qur'ani imewataja na ina sura kwa jina lao. Tunachokikanusha ni kule kudai kwa mtu kuwa amewaona ndani ya kifua cha mwanamke fulani, kisha akatoza kwa ajili yao mbuzi, kaniki na fedha. Ni nani aliyemjulisha? Na kibaya kuliko kutoza ni kupiga. Wako wanaomshika mzazi ambaye jeraha lake halijapona, wakamfunga, wakamtia moshi wa pilipili puani, wakamchapa, na wakiulizwa husema: apigwaye si yeye, ni pepo. Lakini mwili unaovimba ni wa nani? Machozi ni ya nani? Ilipomjia Mtume (S.A.W.) mwanamke mwenye kifafa, akamlalamikia kuwa huanguka na kufunukwa, hakuamrisha apigwe wala afungwe. Alimpa khiari baina ya kusubiri na kuombewa, kisha akamwombea asifunukwe, yaani ahifadhiwe heshima yake. Hii ndiyo sitara ya kweli: mgonjwa alilindwa heshima, na ugonjwa wake ukasemwa wazi mbele ya watu.

Na waliotutangulia walifahamu hivyo. Abu Zayd al-Balkhi, aliyekufa mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslaha ya miili na nafsi, akaipambanua huzuni yenye sababu ijulikanayo na huzuni isiyojulikana sababu, akaieleza hii ya pili kuwa asili yake imo mwilini. Na Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake mjini Cairo mwaka 1284, aliweka pahala pa wanawake na pahala pa wagonjwa wa akili, nao wakitibiwa kwa mali ya wakfu. Miaka zaidi ya 700 imepita. Je, si ajabu kuwa mjukuu wa umma huo leo humpeleka mkewe kilingeni kwa siri, na huona haya kumpeleka hospitali mchana? Twajua kuwa khofu hii ina asili yake, kwani nyumba ya wagonjwa wa akili iliyofunguliwa Mathari, Nairobi, na serikali ya kikoloni mwaka 1910, ilijulikana zaidi kwa kufungia watu kuliko kuwatibu, na jina lake likawa tusi mitaani. Lakini tusi la mitaani halimponyi mgonjwa wala halimzuilii dawa mtu mwenye akili.

Kumsomea mgonjwa Qur'ani ni jambo jema, nasi hatumkatazi mtu. Asome mumewe, asome babake, asome mwenyewe akiweza, bila ya bei na bila ya fimbo. Lakini Mtume wetu ametuamrisha kujitibu, na akatuambia kuwa kila ugonjwa umeteremshiwa dawa ila uzee. Mwenye kusoma akaacha dawa ameshika nusu ya amri.

Uzi wa pili ni kauli ya wale wasemao kuwa mwanamke mwenye imani hahuzuniki baada ya kupewa neema ya mtoto. Kauli hii husemwa na watu wema, kwa nia njema, nayo humkata mgonjwa maini, kwani hapo hujiona amepoteza na dini yake pia. Twawaomba wenye kuisema wasome tena Surat Maryam. Bibi Maryam, ambaye Mwenyezi Mungu amemteua juu ya wanawake wa walimwengu, uchungu ulipompeleka kwenye shina la mtende alitamani lau angalikufa kabla ya siku ile na akasahauliwa kabisa. Ni nani awezaye kusema kuwa Maryam alipungukiwa na imani? Kisha litazameni jawabu alilopewa. Hakukemewa. Alitulizwa asihuzunike, akaonyeshwa maji chini yake na tende mbivu juu yake, akaambiwa ale, anywe na moyo wake utulie. Na juu ya watu na maneno yao, akaamrishwa afunge kinywa asimjibu mtu. Basi mzazi mwenye dhiki alipewa mambo manne: maneno ya upole, chakula, maji, na kinga ya ndimi za watu. Na mama wa Nabii Musa vile vile, Qur'ani yatwambia moyo wake ulibaki mtupu hata akakaribia kuitoa siri yake, lau Mwenyezi Mungu asingeutia nguvu. Mitume wamezaliwa na wanawake walioonja dhiki hii. Sembuse sisi tukae tukiwahukumu wake zetu?

Na Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akisalisha, akasikia kilio cha mtoto mchanga, akaifupisha sala kwa kuuhurumia moyo wa mamake. Ikiwa sala ya jamaa nyuma ya Mtume ilifupishwa kwa ajili ya moyo wa mama mmoja, ni kazi gani ya mume, au arusi gani ya ukoo, isiyoweza kufupishwa?

Hapa twapenda kuitaja ada yetu ya arobaini, kwani si kila ada ni mbaya, na mwenye kutengeneza asiwe ni mwenye kubomoa tu. Wazee wetu walimpumzisha mzazi siku 40. Alikandwa kwa maji ya moto, akapikiwa, akalaliwa karibu na mamake au somo yake, na mume akawa mbali naye. Na ada hii inaambatana na sharia: kwa madhehebu ya Imam Shafi, yafuatwayo na wengi wetu pwani, nifasi ghalibu yake ni siku 40 na ukomo wake ni 60, na katika muda huo Mwenyezi Mungu amemwondolea mwanamke sala wala hailipi. Aliyemuumba amempunguzia, na sisi twamzidishia?

Lakini hali ya arobaini leo ni nyengine. Twaona kuwa maganda yake yamebaki na kiini kimetoka. Ubani ungalipo, wageni wangalipo, nguo za kuonyeshana zipo na picha zapelekwa kwa simu; lakini yule mama wa kulala karibu yuko mbali, nyumba ni ya kupanga ya chumba kimoja, mume yuko kazini au Ghuba, na mzazi hushinda peke yake na kichanga, akiinuka kuwapikia waliokuja kumpongeza. Kila aingiaye humuuliza mtoto amefanana na nani. Hapana amwulizaye kama amelala. Tena siku ya 41 hukabidhiwa kazi zote kana kwamba amepona, na hali tumekwisha sema kuwa huzuni yaweza kuja miezi baada ya hapo.

Uzi wa tatu ndio mgumu kuliko yote, nao ni sitara. Mume humpiga mke mgonjwa, na mama wa mke humwambia bintiye: rudi mwanangu, mambo ya chumbani hayatolewi nje. Uchunguzi wa serikali ya Kenya juu ya afya ya watu wa mwaka 2022 ulikuta kuwa wanawake 34 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 mpaka 49, wamepata kupigwa tangu walipofika miaka 15. Hawa si wanawake wa mbali. Ni binti zetu na dada zetu.

Na wako wanaoibeba ile aya ya Surat an-Nisaa juu ya nushuzi kama mtu abebaye bakora. Kwao twasema mambo mawili. La kwanza, yule aliyeteremshiwa aya hiyo hakupata kumpiga mwanamke kwa mkono wake, kama alivyoshuhudia Bibi Aisha. Na ambaye hataki kumfuata katika hilo, asijifanye ni mwenye kumfuata. La pili, nushuzi ni uasi wa makusudi, na mgonjwa hana makusudi. Mwanamke aliyeshindwa kuinuka kitandani kwa huzuni, au akaupa mgongo ulimwengu wote pamoja na mumewe, hana nushuzi, kama vile mwenye homa kali hana uvivu. Basi anayempiga hana aya, wala hana hadithi, wala hana imamu wa kumtegemea. Ana hasira zake tu.

Na wako wengine, wamesoma kidogo, wanaoshika kauli iliyomo katika vitabu vya fiqhi vya zamani kuwa ujira wa tabibu haumo katika nafaka ya mke, wakafunga mikoba yao. Twawaambia kuwa maulamaa wale walisema kwa zama zao, ambapo tabibu alikuwa ni jambo la nadra na dawa ni jambo la kubahatisha. Leo matibabu yamekuwa ni haja kama chakula, na wengi katika maulamaa wa zama hizi wameyaingiza katika nafaka. Tena mume aliyeamrishwa kukaa na mkewe kwa wema, atauonyesha wapi wema huo ikiwa si siku ya ugonjwa, na ugonjwa wenyewe umetokana na kumzalia mtoto wake? Na Surat al-Baqara, katika aya ya 233, imekataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe. Mafukahaa wetu wa Kishafi wakaeleza kuwa mama huwajibikiwa na yale maziwa ya mwanzo. Baada ya hapo, akipatikana mwengine wa kunyonyesha, halazimishwi. Basi mzazi aliyeelemewa asitishwe kwa dini juu ya jambo ambalo dini haikumlazimisha.

Sasa twafika penye jambo zito. Ikiwa mzazi mwenye wazimu amemdhuru mwanawe, nani wa kuhukumiwa? Mtume (S.A.W.) amesema kuwa kalamu imeondolewa kwa mwendawazimu mpaka arudi akilini. Katika zama za Sayyidna Umar aliletwa mwanamke mwenye wazimu aliyezini, ikaamuliwa apigwe mawe; Sayyidna Ali akawakuta wakimpeleka, akawarudisha, akamkumbusha Amirul Muuminina hadithi hiyo, naye akamwachilia. Na sheria ya Kenya nayo, katika kifungu cha 210 cha Kanuni za Adhabu, imesema kuwa mwanamke akisababisha kifo cha mwanawe asiyetimiza miezi 12, na akili yake imeharibika kwa sababu ya kuzaa au kunyonyesha, hahukumiwi kwa hukumu ya muuaji wa makusudi. Asili ya kanuni hiyo ni sheria ya Waingereza ya mwaka 1922, iliyotengenezwa tena mwaka 1938.

Lakini kalamu ikiondolewa kwake, haikuondolewa kwa wote. Maulamaa wengi wamesema kuwa diya ya kitendo cha mwendawazimu huchukuliwa na jamaa zake. Tulifikiri jambo hili vizuri. Sharia ilipomkuta mwenye kutenda hana akili, iliwatazama walio pembeni yake wenye akili zao. Na sisi twasema: ikiwa wao ni wachukuzi wa fidia baada ya msiba, basi ni aula zaidi wawe wachukuzi wa ulinzi kabla yake. Mume aliyeona mkewe halali siku ya nne akatoka kwenda barazani. Mama mkwe aliyesikia maneno ya ajabu akasema anajifanya. Ndugu aliyejua akachelea kuvunja ndoa. Na sisi masheikh tunaoletewa khabari tukajibu kwa neno moja, subira. Hawa wote kalamu zao zinaandika.

Huenda mtu akasema: je, dini haikuamrisha kumsitiri Mwislamu? Ndiyo, imeamrisha. Lakini kisitiriwacho ni aibu, na ugonjwa si aibu. Mtu akivunjika mguu hatumfungii ndani kwa kumsitiri. Kwa nini aliyevunjika moyo afungiwe? Na dhulma nayo haisitiriwi. Mtume (S.A.W.) alipotuamrisha kumsaidia ndugu yetu akiwa ni mwenye kudhulumu, aliulizwa vipi, akabainisha kuwa ni kwa kumzuilia dhulma yake. Basi anayemsitiri mume apigaye hakumsaidia. Amemwachia azidi kuzama. Sitara ni haki ya mnyonge ili asifedheheke, wala haikuwekwa kuwa ni pazia la mwenye nguvu.

Na mwengine atasema: mkifungua mlango huu, kila mwanamke mvivu atadai kuwa ana huzuni. Twajibu kuwa kupambanua mgonjwa na asiye mgonjwa ni kazi ya daktari, si kazi ya barazani. Na lau tutakosea tukampumzisha mmoja asiyestahiki, kosa hilo ni jepesi mbele ya Mwenyezi Mungu kuliko kumpiga mgonjwa mmoja, au kukizika kichanga kimoja.

Basi haya ndiyo tunayowaomba wasomaji wetu. Mume ajifunze alama za ugonjwa huu kabla ya mkewe kuzaa, kama anavyojua bei ya vitu vya mtoto. Akiona mzazi halali hata mtoto akilala, au analia bila ya kupumzika zaidi ya wiki mbili, ampeleke kliniki na aseme waziwazi. Akimsikia anataja sauti, au kwamba mtoto si wake, au kwamba kufa ni bora kwake, basi asimwache peke yake na mtoto hata kwa saa moja, na ampeleke hospitali siku ile ile, asingoje Ijumaa wala mganga. Asimpige, asimfunge, asimnyang'anye mtoto kwa matusi, wala asimpe talaka katika hali ile. Ugonjwa huu hutibika, na wengi hupona wakarudi kama walivyokuwa.

Mama na mama mkwe wairudishe arobaini kwenye kiini chake: wamlalie, wamwachie usingizi, wapunguze wageni. Bibi Aisha alikuwa akiwapikia wagonjwa na wafiwa uji wa talbina, akisema kwa kumpokea Mtume kuwa huutuliza moyo. Basi na wapikiwe uji wazazi wetu, na mpishi akae akiwasikiliza. Mkunga na muuguzi wamwulize mzazi juu ya moyo wake kama wamwulizavyo juu ya damu yake. Jirani asikiaye kipigo abishe mlango, na asipofunguliwa aende kwa wenye mamlaka. Kwani Kenya imekuwa na Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani tangu mwaka 2015, nayo imehisabu katika ukatili si kipigo peke yake, bali na kuudhi moyo, na hata wakwe kuingilia nyumba za watu. Na makhatibu wetu, ambao hawachoki kuwakumbusha wanawake haki za waume, watoe khutba moja katika mwaka juu ya haki ya mzazi.

Twarudi kwenye suala letu. Aliyefunika ugonjwa wa mzazi kwa kumtafutia dawa na kumhifadhia heshima, huyo amesitiri, na ujira wake uko kwa Mola wake. Ama aliyeufunika ili watu wasiseme, akamwacha mgonjwa na maumivu yake na mtoto na khatari yake, huyo aliyemsitiri ni nafsi yake tu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wazazi wetu walio wagonjwa, awahifadhi watoto wao, azilainishe nyoyo za waume na wakwe, na atujaalie sisi kuwa ni wenye kusema haki katika nyumba zetu kabla ya kuisema misikitini. Wabillahi tawfiq.